Vikombe vitatu: kuonja tembo, mbege, mvinyo na ulanzi kutoka Pangani hadi Iringa

Nimerudi Morogoro, daftari limekauka na picha nimezipanga kwa siku zake. Mwezi Machi mimi na mwenzangu, tuliyesoma naye sayansi ya chakula, tulizunguka Pangani, Marangu, Dodoma na Iringa kwa kazi moja: kuchukua vipimo vya kuonja vinavyotumiwa na viwanda vya bia na mvinyo, tuvipeleke kwa wanywaji wa tembo (pombe ya mnazi), mbege (pombe ya ndizi na ulezi) na ulanzi (pombe ya mianzi). Ninaamini mbege inastahili kuonjwa kwa umakini uleule unaopewa chupa ya Ufaransa. Ninaamini pia kwamba waonjaji hodari wa vinywaji hivi hawako maabara. Wako vilabuni, na ni nadra mtu kwenda kuwauliza kwa utaratibu.

Mkoba wa kazi ulikuwa na vikombe vya plastiki vya bluu iliyokoza, vyote vya aina moja, kalamu ya wino usiofutika, jagi la kupimia, kipimajoto cha jikoni, khanga mbili, kilo ya maharage makavu, na ndoo yenye mfuniko, ya kutemea. Vyote tulivinunua Soko la Chifu Kingalu kwa chini ya shilingi 60,000.

Jumapili: Morogoro hadi Tanga

Basi la saa moja asubuhi, nauli 20,000. Baada ya Segera tairi lilipasuka, tukakaa kando ya barabara karibu saa mbili. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi alituletea viti viwili na kukataa kata kata kulipwa kwa mahindi ya kwanza, eti msafiri aliyekwama ni mgeni. Tukafika Tanga jioni, tukala mkate wa ajemi na maharage ya nazi, tukalala nyumba ya wageni ya 25,000.

Jumatatu: Pangani na Bweni

Asubuhi tulichukua gari la Pangani, kisha kivuko cha kwenda ng'ambo ya mto, Bweni. Dereva wa bodaboda alitupeleka moja kwa moja kwa mgema. Tulimkuta ndiyo kwanza ameshuka, kotama kiunoni, vibuyu viwili begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnataka tamu au kali?"

Tulipomweleza kazi yetu alicheka, akataja mwenyewe ile methali ya mgema akisifiwa. Kisha akasema, "Basi lipimeni. Nami nataka kujua, maji yakitiwa yanajulikana kweli?" Swali zuri kuliko letu lote tulilokuwa tumeliandaa, tukaliacha letu.

Kipimo kinachojibu swali la namna hiyo kinaitwa pembetatu. Kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Copenhagen ni miongoni mwa walioanza kukitumia, miaka ya 1940, na mpaka leo ndicho kipimo kinachotegemewa sana pale mtu anapotaka kujua kama tofauti ipo au haipo. Mwonjaji anapewa vikombe vitatu. Viwili vina kinywaji kilekile, kimoja kina kingine. Haulizwi kipi kitamu, anaulizwa kipi si mwenzao. Asiyejua kitu akibahatisha ana nafasi moja kati ya tatu ya kupatia, kwa hiyo watu kumi na wawili wakibahatisha, wanne hivi watapatia kwa bahati tu. Ili uamini kwamba tofauti imesikika ulimini, katika kumi na wawili wapatie wanane au zaidi. Ukiwa na watu sita tu, wapatie watano.

Vikombe havipewi herufi wala namba moja, mbili, tatu, maana kichwa cha mtu kinapenda A kuliko C na moja kuliko tatu. Tunaandika tarakimu tatu za ovyo: 417, 862, 395. Mpangilio nao unazungushwa. Kikombe cha pekee kinaweza kukaa mwanzo, katikati au mwisho, na kinaweza kuwa ndicho chenye maji au ndicho kisicho na maji, hivyo mipangilio yote ni sita, na kwa watu kumi na wawili kila mpangilio unatumika mara mbili. Mwenzangu alimimina nyuma ya khanga iliyofungwa kati ya minazi miwili. Mimi niliyegawa sikujua kikombe kipi kina nini, maana mgawaji anayejua hujisaliti kwa macho.

Tulikusanya wavuvi na wakwezi kumi na wawili, wote watu wazima. Tembo likitiwa maji rangi yake inapauka, ndiyo sababu ya vikombe vya bluu, na kivuli cha banda la mitumbwi kilisaidia. Lingine muhimu ni kwamba tembo halitulii. La saa tatu si la saa sita, linazidi kuchachuka kibuyuni. Kwa hiyo tulimimina yote kutoka kibuyu kimoja na maji tukayatia papo hapo, ili tofauti iwe ya maji peke yake, isiwe ya saa.

Kwanza tuliweka sehemu moja ya maji kwa nne za tembo. Tisa walipatia. Mvuvi mmoja alishika kikombe chake cha katikati na kusema, "Hili limekufa mdomoni kabla sijameza." Neno walilolirudia wengi lilikuwa *chapwa*. Nililiandika kwa herufi kubwa, kwa sababu ndilo neno tunalolitafuta: linasema kwa mara moja kwamba utamu umepungua, ukali umepungua, na ule mchomo mdogo wa gesi kwenye ncha ya ulimi haupo tena.

Tukapumzika nusu saa, kisha tukapunguza maji, sehemu moja kwa tisa. Walipatia watano tu. Hapo ndipo watu wengi hukosea kusoma matokeo. Watano hawathibitishi kwamba tembo lile na lenye maji ni sawa. Wanasema tu kwamba kwa watu hawa wachache hatukuona ushahidi wa tofauti. Mzee mgema alisikiliza maelezo hayo kwa makini sana, akauliza, "Kwa hiyo moja kwa tisa mtu anapita?" Nikamjibu kwamba tungehitaji watu wengi zaidi ndipo niseme hivyo. Akatikisa kichwa, akasema afadhali asijue.

Jirani yake, bibi ambaye hajawahi kuonja tembo maishani mwake, ndiye aliyetupa jamvi, benchi na maji ya kusukutua. Alituletea chai ya tangawizi na maandazi na hakutaka hela. Ombi lake lilikuwa moja, tumalize kabla ya Alasiri, watoto wanapotoka chuoni. Tulimaliza saa nane.

*Kwa atakayefuata:* Pwani usiombe kupangisha zoezi la pombe karibu na msikiti wala madrasa, na mwezi wa Ramadhani usiende kabisa na kazi hii. Ukibeba tembo kwenye chupa, usikaze kifuniko, gesi itaipasua. Na usiwe na mwonjaji aliyetoka kuvuta sigara, kula ugoro, kupiga mswaki au kujipulizia manukato. Mwache akae nusu saa kwanza.

Jumanne na Jumatano: Tanga, Moshi, Marangu

Mvua ilitukuta Mombo, na mbele ya Same maji yalikata barabara. Magari yalisimama mpaka yapungue. Ndani ya basi watu waligawana ndizi, karanga na chaji za simu. Mama aliyekaa kiti cha mbele yangu aliposikia tunakwenda kuonja mbege aligeuka mzima mzima: "Nani kawaambia mbege inaonjwa kwa kikombe cha plastiki?" Baada ya mahojiano marefu alimpigia mdogo wake mwenye kilabu Marangu, akatuombea nafasi. Tulifika Moshi saa tano usiku badala ya saa kumi jioni. Nauli 22,000.

Jumatano tulipanda daladala hadi Marangu Mtoni na kwenda moja kwa moja kilabuni. Mwenye kilabu alitupokea kwa mtori, na hakuturuhusu kufungua daftari kabla bakuli halijaisha. Kisha akatuonyesha pombe inavyopikwa. Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka ziwe nyekundu, zinaachwa siku kadhaa, zinachujwa. Ulezi unalowekwa, unaachwa uote, unakaushwa, unasagwa, unapikwa uji. Maji ya gome la msesewa yanatia uchungu. Ndizi na uji vikichanganywa, kesho yake pombe imeiva. Lita moja ilikuwa 1,500. Yeye ndiye aliyeonja wa kwanza mbele yetu, kama desturi inavyomtaka mwenye pombe, kisha akatupa kata.

Alhamisi: Marangu, siku ya maharage

Hii ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote. Tulitaka kulinganisha mbege za wapishi watatu, na pembetatu haitoshi hapo. Kwamba zinatofautiana kila mtu anajua. Swali ni zinatofautiana katika nini, na kwa kiasi gani.

Kabla ya kupima lazima watu wakubaliane maneno. Mmoja akisema "kali" anaweza kuwa anasema kilevi, mwingine uchachu, mwingine uchungu. Kwa hiyo asubuhi tulitengeneza vikombe vya mfano. Maji yaliyokamuliwa ndimu: huu ni *ugwadu*. Kipande cha ndizi mbichi cha kutafuna na kutema: huu ni *ukakasi*, ule mkwaruzo unaokausha mashavu kwa ndani. Gome la msesewa lililochemshwa: huu ni *uchungu*. Kijiko cha siki kwenye maji: hii ni pombe inayoelekea kuharibika. Waonjaji kumi, wanaume sita na wanawake wanne, walizungushiana vikombe hivyo na kubishana karibu saa nzima. Mzee mmoja alikataa siki kuhesabiwa kuwa ni kasoro tu. Kwake kidogo kinatakiwa, kikizidi ndipo pombe "imepita". Tukaandika alivyosema.

Maabara hutumia mstari kwenye karatasi, mwonjaji anatia alama mahali anapoona ukali wa ladha umefikia. Sisi tulitumia maharage. Kila mtu alikuwa na sahani na maharage matano kwa kila ladha. Hakuna uchungu, usiweke hata moja. Uchungu wa juu kabisa, weka yote. Hakuna aliyehitaji kujua kuandika, na hakuna aliyeweza kuchungulia jibu la mwenzake kwa sababu kila mmoja alimpa mwenzake mgongo. Nawashauri wote wanaofanya kazi vijijini: maharage ni sahihi, ni rahisi, na jioni yanapikwa.

Msesewa unang'ang'ania ulimi. Pombe inayoonjwa baada ya pombe chungu huonekana tamu kuliko ilivyo, na ya kwanza kabisa hupata upendeleo kwa kuwa tu mdomo ulikuwa na hamu. Dawa yake ni kuzungusha mpangilio, maji ya uvuguvugu na kipande cha mkate mweupe kati ya kikombe na kikombe, na dakika mbili za kukaa kimya. Kukaa kimya ndiko kulikokuwa kugumu.

Mwisho kila mtu alizipanga tatu kwa kupenda, ya kwanza mpaka ya tatu. Unajumlisha nafasi, jumla ndogo ndiyo iliyopendwa. Tulipata 14, 21 na 25. Kwa watu kumi na vinywaji vitatu, majumla mawili yanahesabika kuwa yamepishana kweli yakiachana kwa tisa au zaidi. Kwa hiyo ya kwanza na ya mwisho zimetofautiana, lakini ya kati haijaachana na yeyote kwa kiasi cha kuaminika. Mpishi mwenye sifa kubwa pale kijijini alikuwa huyo wa kati. Hakukasirika. Aliomba maharage ya uchungu ya pombe yake, akayahesabu moja moja, akakuta ya wazee ni machache na ya vijana ni mengi. "Wazee wananidai msesewa," akasema, "vijana wananidai sukari." Ukichukua wastani wa hao wote, unapata pombe isiyompendeza mtu. Tangu siku ile sitaki kuona matokeo ya kuonja yaliyoandikwa kwa wastani peke yake.

*Kwa atakayefuata:* Onjesha kati ya saa nne na saa sita asubuhi, kabla ya chakula cha mchana. Mimina mililita 30 mpaka 50, zote kwa joto moja, na weka ndoo ya kutemea mbele ya kila watu watatu bila kuona haya. Harufu inapanda puani kwa nyuma ya koo, kwa hiyo mwonjaji azungushe pombe mdomoni na kupumua kwa pua kabla ya kutema. Hapotezi kitu kikubwa. Vinywaji vinne hadi sita kwa kikao vinatosha. Mama mjamzito, mwenye umri chini ya miaka 18, anayetumia dawa na dereva wa siku hiyo wasionje. Gongo usiiguse kwa kipimo chochote. Hakuna ulimi unaoweza kuhakikisha kwamba pombe iliyopikwa kienyeji kwa mvuke haina methanoli, na methanoli inapofusha na kuua.

Ijumaa: Moshi hadi Dodoma

Siku nzima barabarani kupitia Arusha, Babati na Kondoa, 35,000, lami mwanzo mpaka mwisho. Nililala.

Jumamosi: Hombolo na giza la Dodoma

"Mbukwenyi," tulijaribu kusalimia, na mkulima wa zabibu wa Hombolo akafurahi kuliko tulivyostahili. Shamba lake lilikuwa mwisho wa mavuno ya mwanzo wa mwaka. Dodoma ni miongoni mwa sehemu chache ambako zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, na mbegu nyekundu inayolimwa zaidi imechukua jina la Makutupora, palipo na kituo cha utafiti. Mke wake alitupakulia ugali wa uwele na mlenda, akatufungia zabibu kwenye mfuko wa kaki.

Jioni tuliwaalika pamoja na majirani zao kwenye ukumbi mdogo wa nyumba ya wageni mjini. Tulikuwa na chupa nne za mvinyo wa Dodoma, mbili nyekundu, mbili nyeupe kavu, kati ya 12,000 na 18,000 kila moja, zote tumezizungushia gazeti. Bei na lebo huingia mdomoni kabla ya mvinyo. Tarehe 24 Mei 1976 huko Paris, Steven Spurrier, mfanyabiashara wa mvinyo Mwingereza, aliwapa waonjaji wa Kifaransa mvinyo wa kwao na wa California bila kuonyesha lebo, na kwa wote wawili, mwekundu na mweupe, aliyeshika nafasi ya kwanza alitoka California. Wangeona lebo, sidhani kama matokeo yangekuwa hayo.

Tulikuwa hatujamaliza kumimina umeme ukakatika. Mwenye nyumba alikimbilia mishumaa, mwenzangu akamshika mkono: "Dada, subiri kidogo, giza hili tunalihitaji."

Rangi inadanganya pua. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo: waliupaka mvinyo mweupe rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Sasa sisi tulikuwa na chumba kisicho na rangi yoyote. Kipimajoto kilikuwa kimeonyesha nyuzi 26 kwa chupa zote, hivyo ubaridi wa mweupe usingeweza kumsaidia mtu.

Mzunguko wa kwanza tuliomba wanuse tu. Giza likajaa minong'ono. Mmoja anasema mwekundu, mwenzake kwa kikombe kilekile anasema mweupe, na walioridhika na majibu yao hawakupatia zaidi ya wengine. Mzunguko wa pili waliruhusiwa kuweka mdomoni. Mkulima hakuchukua hata sekunde tano. "Mwekundu. Umenikamata fizi." Ukakasi tena, uleule wa ndizi mbichi ya Marangu, ambao kwenye mvinyo unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Mvinyo mwekundu unachachushwa pamoja na maganda, mweupe unakamuliwa kwanza. Mkono uliozoea maganda hayo ulikuwa na ulimi unaoyajua, na karibu wote waliolima zabibu walipatia.

Umeme uliporudi tulichukua maneno. Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alitengeneza mwaka 1984 gurudumu la harufu za mvinyo, yaani mchoro wa duara unaopanga majina ya harufu, ambalo limesaidia watu wengi sana, lakini limejaa matunda ambayo mkulima wa Hombolo hajayaona. Nilipowauliza wao, mwekundu ulipata zambarau, ukwaju, na tumbaku mbichi iliyoanikwa. Mweupe ulipata embe lililokaribia kuiva, na mmoja alisema ubuyu, ule unga mweupe, wakati bado haujatiwa sukari. Nilikwenda kuonja tena baada ya yeye kusema ubuyu, na nikaukuta. Hilo ndilo gurudumu ninalotaka lichorwe.

*Kwa atakayefuata:* Glasi ya kuonjea yenye kiwango cha kimataifa, iliyotolewa mwaka 1977, ni ndogo, mililita 215 hivi, tumbo pana na mdomo uliobana ili harufu isitoroke. Ukiipata, itumie kwa mvinyo, mimina 50. Usipoipata, vikombe vyovyote vinafaa mradi vyote viwe sawa. Dodoma, chupa ukiiacha kwenye gari juani mchana mmoja, hupimi mvinyo tena, unapima jua.

Jumapili na Jumatatu: Mtera, Iringa, Tosamaganga

Jumapili tulikwenda Iringa kwa njia ya Mtera, 20,000. Pale bwawani abiria wote hununua samaki wa kukaanga, nasi tulinunua. Kulipokucha tulivaa kila nguo tuliyokuwa nayo. Iringa ina baridi, na mvua ilikuwa ya kutwa.

Lakini bila mvua hakuna ulanzi. Kipindi cha masika mianzi michanga inakatwa ncha, maji yake yanadondokea kwenye mbeta, chombo cha kipande cha mwanzi, na mgemaji anapita asubuhi na jioni kukusanya na kukata upya. Hautiwi hamira, chachu iko hewani na kwenye mbeta yenyewe. Bodaboda ya kwenda Tosamaganga ilinasa kwenye tope, na vijana waliokuwa wakitoka shamba waliibeba mzima mzima mpaka ng'ambo ya dimbwi, wakaaga na kuondoka kabla hatujatoa hata shukrani kamili.

"Kamwene," tulimsalimia mzee mwenye mianzi.

"Kamwene. Ingieni, mmelowa."

Tulitaka kupima muda. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu, kinywaji cha watu wote. Ukilala, unakuwa mkangafu, yaani mkali, na mkangafu haunywewi kwa haraka. Kati ya hapo kuna ngazi nyingi. Tuliomba ulanzi wa nyakati nne: wa saa hiyo hiyo, wa saa sita zilizopita, wa tangu jana jioni, na wa tangu jana asubuhi. Tukampa mzee na wenzake watano, vikombe vimefichwa, kazi ikiwa kuvipanga kuanzia kichanga mpaka kizee.

Wengine walionja. Mzee alianza kwa kuinua kikombe sikioni. Alikitikisa kidogo, akasikiliza, akakiweka chini. Kingine akakitikisa, akasikiliza. Wa saa ile ulikuwa kimya. Wa saa sita ulichemka kwa sauti nyembamba ya haraka. Wa jana jioni ulikuwa na sauti nzito, mapovu makubwa yanayopasuka kwa kusitasita. Wa jana asubuhi ulikuwa umeanza kunyamaza tena, maana sukari imekwisha na chachu imepoa. Ndipo akaonja, kutenganisha viwili vilivyo kimya, akavipanga vyote vinne bila kosa. Katika fomu zetu za chuo tulikuwa na safu ya rangi, ya harufu, ya ladha na ya mguso mdomoni. Safu ya sauti hatukuwa nayo. Niliichora pale pale kwa kalamu.

Wenzake watatu walivipanga sawasawa, wawili walibadilishana vile vya katikati. Lita tuliuziwa 1,000, na mama wa nyumba akatupikia viazi na mboga ya mnavu huku nguo zetu zikikaukia jikoni.

Mzee aliomba tumwachie vikombe. Kuna jirani yake anayeapa kwamba ulanzi wa mianzi ya bondeni ni bora kuliko wa mlimani, na ubishi huo una miaka. Tulimwachia vikombe kumi na vinane, kalamu na khanga moja, na tukamwandikia mipangilio yote sita kwenye kipande cha katoni. Alirudia masharti mpaka tukaridhika: mmiminaji asionekane, mgawaji asijue, watu sita, wapatie watano.

Jumanne: Iringa hadi Morogoro

Tulishuka Kitonga kwa mwendo wa kinyonga nyuma ya malori, tukapita mibuyu ya Ruaha Mbuyuni na kuona twiga Mikumi. Nauli 20,000. Nyumbani saa kumi na moja jioni.

Jana usiku simu iliita kutoka Tosamaganga. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi wakiongea kwa pamoja. Walikuwa wamepima bondeni na mlimani: watu sita, vikombe vitatu vitatu, watano wamepatia. "Inatosha?" mzee akauliza. Nikamwambia inatosha, tofauti ipo. Kimya kidogo, kisha jirani akainyakua simu: "Sawa, ipo. Sasa tuambie tunapimaje ni upi bora." Nikawaambia watafute maharage na watu kumi.